Land Rover 109 kutoka dramu kwenda diski: fungeni mbele tu, na mfanye mfumo mzima (uzi maalumu)

#1 – Mgosi wa Mombo

Wakuu salaam. Inboksi yangu imejaa swali moja: nitoe dramu nifunge diski kwenye 109, au nibaki hivi hivi? Nimeona jibu likae hapa kila mtu alione, na mafundi wenzangu waongezee au wanikosoe. Breki ni roho za watu, kwa hiyo asione aibu mtu kuuliza hata kitu kidogo.

Nazungumzia Series III, ile ya springi za majani. Ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na muda wote huo ilitoka kiwandani na dramu miguu yote minne. 88 ina dramu za inchi 10, 109 ina za inchi 11 (88 na 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma). Mbele ya 109 kila gurudumu lina wilsilinda mbili (silinda ndogo zinazosukuma brekshuu, yaani zile pedi za mviringo za ndani ya dramu), na gari likienda mbele brekshuu zote mbili zinajivuta zenyewe kwenye dramu. Mguu wako unaanzisha, mzunguko wa gurudumu unamalizia. Ndiyo maana wazee wetu waliziendesha na mizigo bila busta (kifaa cha kuongezea mguu nguvu) na wakafika.

Kwa hiyo nisieleweke kwamba dramu ni mbovu. Ukiwa Dodoma au Shinyanga, barabara tambarare, dramu iliyorekebishwa vizuri inasimamisha 109 bila ubishi. Kinachozishinda ni mteremko mrefu.

Chukua Lushoto kushuka Mombo. Ni kilomita 33 hivi, kona juu ya kona, mwamba upande huu na korongo upande ule, na ukifika chini umeshuka karibu mita elfu moja. Gari la tani mbili na nusu likishuka urefu huo linazaa joto la kuchemsha karibu lita tisa za maji mpaka sufuria ikauke kabisa. Injini ikiwa gia ya pili inabeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, upepo na tairi vinachukua kidogo, zinazobaki ni breki. Dramu ni kama chungu kilichofunikwa, joto likiingia halitoki upesi. Chuma kikipata moto kinatanuka, dramu inazikimbia brekshuu, pedeli inaenda chini zaidi kila kona. Ukifika pale Soni unaanza kusikia harufu. Baada ya hapo laini za brekshuu, ule uso unaosugua dramu, zinateleza kama zimepakwa sabuni, unakanyaga kwa miguu miwili na gari linaenda tu.

Diski imekaa wazi, inapigwa upepo. Ikipata moto inanenepa kuelekea kwenye pedi. Ukivuka mto, mizunguko michache tu maji yameruka yote, wakati dramu inabaki na maji na tope ndani mpaka ukanyage breki njia nzima kuikausha. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya diski. Ukisimama mara moja kutoka spidi 60, dramu nzima na diski hutaona tofauti kubwa ya kutisha. Tofauti utaiona mara ya ishirini, nusu ya mlima.

Sasa msimamo wangu, na nitautetea uzi mzima: funga diski mbele, acha dramu nyuma, na usifunge diski bila kugusa mastasilinda (pampu kuu inayosukumwa na pedeli), busta na valvu ya kupunguza presha ya nyuma. Kiwanda chenyewe kilifanya hivyo. One Ten, iliyorithi nafasi ya 109, ilipotoka 1983 ilikuja na diski mbele, dramu za inchi 11 nyuma, na busta. Hadi miaka ya 1990 ndipo Defender ikapewa diski nyuma. Sisi tukinakili mpangilio ule wa 1983 tumefuata kitu kilichokwishapimwa na wahandisi wao, hatubuni.

Kabla hujatoa hela hata shilingi, fanya hivi. Pandisha gari, toa dramu zote nne, ziangalie. Mara nyingi utakuta brekshuu zimelowa oili ya difu, oili sili ya habu imekufa zamani. Au wilsilinda moja imeganda kwa kutu, gari linavuta kushoto, mwenye gari anasema "dramu hazifai". Breki hizo hazijawahi kupewa nafasi. Brekshuu za zamani pia zinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo msipulize vumbi lile kwa kompresa. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe.

Nitaendelea na sehemu ya njia za kufunga. Karibuni.

#2 – Kijana wa Mbalizi

Mkuu uzi umekuja wakati wake. Mimi niko Mbalizi, mteremko wa Iwambi naupita kila siku, na ajali za pale za magari yaliyokosa breki mnazisikia redioni. Yangu ni 109 ya petroli, injini yake ile ile ya 2.25. Nimepata ekseli nzima ya mbele ya Range Rover ya zamani kwa watu wa skrepa, diski zake zipo, kalipa za kubana pedi zipo, bei nzuri sana. Fundi ananiambia anahamisha vikalio vya springi tu, inaingia. Naomba ushauri kabla sijalipa.

#3 – Mgosi wa Mombo

Kijana, usilipe kwanza.

Ekseli ile difu yake ni 3.54, yaani shafti inazunguka mara 3.54 gurudumu likizunguka mara moja. Ya kwako ni 4.7. Ukifunga ya mbele peke yake, siku utakayoingiza four-wheel mbele itataka kuzunguka theluthi nzima zaidi ya nyuma. Kwenye tope utaburuza tairi. Kwenye njia kavu utavunja kitu.

Utaniambia basi nabadilisha na nyuma, zote ziwe 3.54. Hapo gari linakuwa refu wa gia. Injini yako ya 2.25 ina nguvu za farasi sabini hivi, itakuja kulia kila kilima. Na hili ndilo watu hawalifikirii: unapoteza breki ya injini. Gia ya pili iliyokuwa inakushikilia Iwambi sasa inakimbia kama ya tatu. Umenunua diski, kisha umezibebesha kazi ambayo injini ilikuwa inaifanya bure.

Bado kuna upana. Ekseli ya Series, gurudumu hadi gurudumu, ni milimita 1,308. Ile ya Range Rover ni 1,486. Tairi zitatokeza nje ya madigadi karibu sentimita tisa kila upande. Na mikono ya usukani hailingani na ya kwako, kwa hiyo utaanza kuchomelea mambo ya steling. Mimi kitu cha steling kikichomelewa mtaani gari hilo silipandi na simruhusu mtu wangu apande.

Njia ninayoikubali kwa gari kama lako ni ile inayobakiza ekseli yako na difu yako. Unatoa sahani ya nyuma ya dramu, na pale pale ilipokuwa imefungwa kwa bolti zake, kati ya stabeksol (kile kipande kinachobeba habu) na haozingi ya swivo (kiungo kinachogeuza gurudumu), unafunga kishikio cha kalipa. Diski inakaa nyuma ya habu. Kalipa ni za pistoni nne. Kuna vifurushi kamili vinavyotengenezwa Uingereza na Uholanzi kwa Series, vinakuja na kila kitu mpaka bolti. Si rahisi kwa bei, nakubali. Lakini hakuna kuchomelea, na ukitaka kurudisha dramu kesho unarudisha.

Angalia pia rimu. Rimu za inchi 16 za asili zinatosha. Walioweka inchi 15 wapime kwanza, kalipa nyingi zinagusa.

#4 – Fundi Kerezo Tanga

Habari zenu wakuu. Mimi nipo kwenye mashine ya kerezo miaka yote, na kazi hizi zinaletwa sana kwangu. Naongezea mawili matatu kuhusu upande wangu.

La kwanza, watu wanakuja na kipande cha chuma wanasema nikatie diski. Nakataa. Diski ya breki ni chuma cha kumimina, kile cha kijivu, kinapitisha joto vizuri na hakipigi kelele. Ukinikatia sahani ya mild steel nikuchongee, itapinda ikipata moto na itakula pedi. Tafuta diski ya gari halisi, ukitaka niitoboe upya au nipunguze katikati ikae kwenye habu yako, hiyo kazi naifanya.

La pili, haozingi ya swivo nayo ni ya kumimina. Msikubali mtu aichomelee kishikio cha kalipa. Weldi inaonekana nzuri, imeng'aa, lakini pembeni yake chuma kimekuwa kama biskuti. Siku ya breki ya ghafla kalipa inang'oka na kuzunguka na diski, na mpira wa breki unakatika hapo hapo.

La tatu, ukishafunga diski pima kama inayumba. Ninatumia dayo geji (kipimo cha mshale) yenye sumaku, naikalisha kwenye swivo, mshale kwenye uso wa diski, nazungusha habu taratibu kwa mkono. Land Rover wanataka isizidi milimita 0.15. Ikizidi, toa diski, safisha uso wa habu kwa msasa, kutu kidogo tu chini ya diski kunatosha kuharibu. Izungushe tundu moja, funga, pima tena. Mara nyingi inakaa.

#5 – Mgosi wa Mombo

Fundi Kerezo ubarikiwe, hasa kwa la pili. Kuna magari nimeyaona na weldi ile, yanatembea na abiria.

Naongeza kuhusu beringi. Kabla ya kufunga diski, beringi za habu ziwe nzima na zimekazwa sawasawa. Kwenye dramu, habu ikicheza kidogo huhisi. Kwenye diski, ule mchezo unasukuma pedi na kuzirudisha ndani ya kalipa kila ukipita shimo. Ukija kukanyaga, mkanyago wa kwanza mtupu, wa pili unashika. Watu wanahangaika kutoa upepo wiki nzima, tatizo ni beringi.

#6 – Dada Rover

Wakaka hamjambo. Niko Iringa, nina 109 ya kubebea wageni na vifaa vya kambi, Kitonga tunashuka na kupanda. Ilifungwa diski mbele na gereji moja, jina naliweka kando. Pedi mpya, diski mpya, mastasilinda mpya ya njia mbili. Tangu itoke pale pedeli ni sponji. Ukipampu mara tatu inakuja juu, ukiacha dakika mbili inarudi chini. Upepo umetolewa na mafundi watatu tofauti, lita nzima ya breki fluidi imeisha. Hakuna panapovuja. Nimelisimamisha, siwezi kuweka watu ndani. Tatizo laweza kuwa nini?

#7 – Mgosi wa Mombo

Dada, umefanya vizuri sana kulisimamisha.

Nenda chini ya gari na tochi. Tazama nipeli za kutolea upepo kwenye kalipa, zile ndogo zenye kofia ya mpira. Ziko juu ya kalipa au chini? Usiguse kitu, niambie tu zinaangalia wapi.

#8 – Dada Rover

Nipo chini ya gari sasa hivi. Kalipa zote mbili, nipeli ziko upande wa chini, zinaangalia ardhini. Bomba linaingilia juu.

#9 – Mgosi wa Mombo

Basi umeipata. Kalipa ya kulia imefungwa kushoto, ya kushoto kulia. Zinaingia bila shida kwa sababu matundu ya bolti yanalingana, na gari linaonekana limekamilika. Lakini upepo kawaida yake unapanda juu, na mlango wa kuutoa umewekwa chini. Hata akija fundi wa kumi, atatoa fluidi tu, kile kipovu kitabaki pale juu ndani ya kalipa.

Badilisha kalipa, kulia iende kulia, nipeli ziwe sehemu ya juu kabisa. Usikate bomba, mpira wa breki utafika. Ukimaliza toa upepo ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na mastasilinda. Kwa gari la usukani wa kulia utaanza nyuma kushoto, umalizie mbele kulia.

Na dramu za nyuma zina ujanja wake wakati wa kutoa upepo, ambao nimefundishwa na wazee: legeza kwanza ajasta (skrubu za kusogeza brekshuu) mpaka mwisho, springi zizirudishe brekshuu ndani. Pistoni za wilsilinda zinakuwa zimerudi ndani, nafasi ya upepo kujificha inapungua. Ukishamaliza, kaza ajasta mpaka gurudumu lizunguke na kugusa kidogo tu. Mwenye 109 ambayo bado ina dramu mbele afanye hivyo hivyo, wilsilinda ile ya juu ni sugu.

#10 – Dada Rover

Jamani. Vijana wamezibadilisha jioni hii. Pedeli imekuwa ngumu juu juu, haishuki. Mungu akubariki kaka yangu. Nimejiuliza hao waliofunga walilipeleka barabarani hata mara moja kabla ya kunikabidhi?

#11 – Mzee wa Sekenke

Wanangu, nawasoma kwa makini. Nimeendesha 109 tangu enzi za ushirika, pamba na mahindi, Sekenke ya zamani kabla ya lami. Dramu hazikuniangusha. Tulichokuwa nacho ni nidhamu: unasimama juu ya mlima, unaingiza gia, low ikibidi, unashuka mwendo wa ng'ombe. Kijana wa leo anashuka na gia ya nne mguu umelalia breki, halafu analaumu dramu. Hizo diski hamuoni zitawapa watu ujasiri wa bure?

#12 – Mgosi wa Mombo

Shikamoo mzee wangu. Sina neno la kupinga hapo. Diski haimfundishi mtu gia. Nami kila ninayemfungia diski namwambia kitu kile kile ulichosema: chagua gia juu ya mlima, gia ile ile ambayo ungepandia.

Kinachonifanya nizipendekeze ni kwamba barabara zimebadilika, mzee. Enzi zile Sekenke ulikuwa peke yako na vumbi lako. Leo nyuma yako kuna basi, mbele kuna bodaboda imebeba watatu, na inakata kona bila kutazama. Hata mwenye nidhamu anahitaji kukanyaga kwa ghafla mara nyingi katika mteremko mmoja. Hapo ndipo dramu zinachoka hata kwa dereva mwenye adabu.

#13 – BJ wa Nakuru

Sasa wadau. Huku kwetu Kenya wengi tuko na Land Cruiser za 40, kwa hivyo niwasimulie upande wetu kidogo, story inafanana. Zetu nyingi za BJ40 zilikuja na dramu mbele. Marekani FJ40 za modeli ya 1976 tayari zilikuwa na diski mbele, sisi tukangoja. Kazi ya kubadilisha ni rahisi kuliko Land Rover kwa sababu Toyota haikubadilisha vitu sana: watu huchukua kuanzia nako (kile kiungo Mgosi anaita swivo) kwenda nje kutoka kwa series 60 na kuhamishia kwa ekseli yao. Difu yako inabaki. Kalipa ni za pistoni nne, na nyuma wanaacha dramu vile Mgosi anasema.

Kitu imesumbua wengi ni valvu ndogo ndani ya mastasilinda ya dramu. Iko pale kubakisha presha kidogo kwa mabomba ili brekshuu zikae karibu. Ukiiacha na diski, pedi hazirudi. Gari inatembea ikiwa imejishika, baada ya kilomita chache rimu haigusiki na mafuta inaisha haraka. Nunueni mastasilinda iliyotengenezewa diski mbele dramu nyuma. Ndiyo dawa.

#14 – Mgosi wa Mombo

BJ umenisogeza nilipotaka kufika, upande wa presha. Hapa ndipo kazi nyingi za mtaani zinapoharibikia, kwa hiyo nivumilieni.

Kumbukeni nilisema dramu inajivuta yenyewe. Diski haina msaada huo. Nguvu yote ya kubana inatoka mguuni. Ukifunga diski bila busta, utapata breki ngumu kama jiwe, unakanyaga na gari linasimama taratibu kuliko zamani. Mtu anakuja analalamika diski ni uongo. Busta ni lazima.

Busta inakula vakyumu. Injini ya petroli inayo kwenye manifodi, unachukua bomba hapo na valvu ya njia moja, basi. Dizeli haina, kwa sababu hakuna kipepeo kinachozuia hewa. Mwenye 2.25 ya dizeli atafute pampu ya vakyumu. Waliobadilisha injini wakaweka 200Tdi, dizeli ya Land Rover ya baadaye, wana pampu yake tayari pembeni ya injini. Na ninyi mlioweka injini za dizeli za Toyota, 2L au 3L, ambao najua mko wengi, tazameni nyuma ya alteneta: ile pampu ndogo yenye mabomba ya oili ndiyo yenyewe. Nimekuta magari ambayo fundi aliiziba kwa bolti kwa kuwa "haina kazi". Na ukishuka mlima usizime injini kwa kubana mafuta. Busta inakupa mikanyago michache, halafu unabaki na mguu wako tu.

Mastasilinda. Kalipa ya pistoni nne inameza fluidi nyingi kuliko wilsilinda. 109 ina mastasilinda ya inchi moja, 88 ina ya robo tatu ya inchi. Mwenye 88 akifunga kalipa kubwa akaacha mastasilinda yake, pedeli itafika sakafuni kabla pedi hazijabana vizuri. Na kama gari lako bado ni la njia moja, tumia nafasi hii uondokane nayo. Njia moja maana yake bomba moja likipasuka, miguu yote minne imekwisha. Seti ya One Ten, busta na mastasilinda yake, ndiyo ninayoipenda, kwa kuwa ilipangwa kwa diski mbele na dramu nyuma. Kisanduku cha pedeli kitahitaji kurekebishwa, na ni bora upate kile cha Series III iliyokuwa na busta toka kiwandani.

Nyuma. 109 ikiwa tupu, nyuma ni nyepesi, na ukikanyaga uzito unakimbilia mbele. Dramu za nyuma zikipata presha kubwa ya busta zinafunga tairi kabla ya mbele, na gari linageuka mkia mbele kwenye lami yenye mvua. Kuna valvu ya kupunguza presha ya nyuma, iwekeni. Ndiyo maana pia sioni sababu ya kuhangaika na diski nyuma. Kazi kubwa iko mbele. Handbreki ya Land Rover wala haihusiki na magurudumu, ipo nyuma ya gearbox inashika shafti, kwa hiyo hubadilishi chochote pale. Ila isivutwe gari likiwa linatembea, ekseli za ndani za Series hazina huruma.

Breki fluidi: DOT 4 mpya inachemka nyuzi 230. Ikishanyonya unyevu wa hewa inashuka hadi 155. Kopo lililokaa wazi rafuni tangu mwaka jana ni la kumwaga. Na mtu asije akakuwekea oili yoyote ya madini, mipira yote itavimba, mastasilinda mpya hadi kalipa.

#15 – Mwana wa Maskati

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nawasoma kutoka Maskati. Huku kuna njia ya kupanda Jabal Akhdar kutoka Birkat al-Mawz, polisi wamekaa chini pale na gari isiyokuwa four-wheel hairuhusiwi kupanda. Juu ni kama mita elfu mbili, na njiani wamejenga vichochoro vya changarawe vya kupanda, gari ikikosa breki ikimbilie humo. Mimi nna Land Cruiser ya zamani ya dramu nlofungisha diski mbele. Kabla ya hapo tulikuwa tunasimama mara mbili kuteremka tuache zipoe, na zikipoa harufu bado iko. Sasa nateremka kwa gia ya pili na breki iko vile vile juu na chini. Alosema mzee wa Sekenke kuhusu gia ni kweli tupu, hata huku mabango yanakwambia uteremke kwa gia nzito.

#16 – Kijana wa Mbalizi

Mgosi, ile ekseli nimewaachia wenyewe. Nimepata kifurushi cha mtu aliyeagiza akaishia kuuza gari, hajakifungua. Busta na mastasilinda nimetoa kwenye One Ten iliyopinduka. Sasa tupo kwenye mabomba. Fundi anasema nati za bomba za zamani zinaingia kwenye mastasilinda hii, ila moja inacheza kidogo, anataka kuweka tepu ya nyuzi. Naruhusu?

#17 – Mgosi wa Mombo

Hapana! Mwambie aache mara moja.

Nati za zamani za Land Rover ni za inchi, nyuzi za UNF, unene tatu kwa nane ya inchi. Vifaa vingi vya baadaye ni vya milimita, M10 kwa 1 (unene milimita 10, hatua ya nyuzi milimita 1). Vinakaribiana mno. Ya inchi inaingia kwenye tundu la milimita kwa vidole, unaikaza unaona imeshika, hata presha ya kujaribu inaweza kuhimili. Siku ya kukanyaga kwa nguvu zote inachomoka. Ile "kucheza kidogo" unayoisema ndiyo dalili yake. Chukua bolti mpya ya M10 kwa 1 unayoijua hakika, na nati ya UNF unayoijua hakika, tumia kupima kila tundu na kila nati kabla ya kufunga. Zisizolingana, kata ncha, weka nati sahihi, piga mdomo wa bomba upya. Mdomo nao uwe wa aina ile ile ya kiti chake, kuna wa kibonge kimoja na kuna wa kukunjwa mara mbili. Tepu haina kazi kwenye breki, kinachoziba ni mdomo wa bomba kwenye kiti chake, nyuzi zinakaza tu.

Mabomba yote mapya yawe ya kopa-nikeli kama unapata, hayali kutu. Kopa tupu ya friji usiikubali.

Ukimaliza, futa diski kwa brekiklina, huja na mafuta ya kuzuia kutu. Mtu akanyage pedeli kwa nguvu zake zote injini ikiwaka, wewe upite na tochi kila kiungo. Kata usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, uone mpira wa breki haugusi tairi wala springi. Toka na gari sehemu tambarare: kutoka spidi 60 punguza hadi 20, usisimame kabisa, tembea kidogo zipoe, rudia kama mara kumi. Pedi zinapata kukaa kwenye diski. Rudi, gusa rimu zote nne kwa mgongo wa mkono. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki upande huo haijiachii, itafutwe kabla hujaenda Iwambi.

#18 – Kijana wa Mbalizi

Tumepima kama ulivyosema. Nati mbili zilikuwa za inchi kwenye tundu la milimita. Tunapiga midomo upya kesho asubuhi, nikitoka kwenye jaribio naleta majibu ya rimu hapa.